Ugoro Kwenye Fundo la Leso

Popote ulipo, Mwingi, Mutomo, Kibwezi au Wote, sogea karibu na redio. Kama baba watoto yuko nyumbani, naye asikilize. Leo hatumsemi mtu.

Tunazungumza juu ya mazoea yanayogeuka kuwa uraibu. Usifikirie bangi peke yake. Fikiria ugoro kwenye fundo la leso, muguka, chupa ya jioni, kamari ya simu.

Tuseme kuna mama. Mume yuko Mombasa, na hii ni wiki ya tatu pesa hazijaja. Mvua ya Novemba ilinyesha siku mbili ikakatika. Ametoka mtoni kuchota maji, jua la saa saba limemchoma. Akiketi tu, mkono wenyewe unatafuta leso. Ugoro huo alionjeshwa na jirani siku ya matanga ya mtoto wake, na tangu siku hiyo hajaongea na mtu juu ya mtoto huyo. Sasa wewe ukimwambia, "Mama, tupa ugoro," yeye anasikia, "Tupa kitu cha pekee kinachokutuliza."

Lakini je, kinatuliza? Ndani ya ugoro mna nikotini. Ikifika kwenye ubongo huleta raha kidogo, kwa muda mfupi. Ikipungua, mwili uliozoea huanza kudai: hasira, wasiwasi, kichwa kuuma. Ukinusa tena unatulia, nawe unadhani shida imepungua. Kumbe kilichoondoka ni ule wasiwasi ulioletwa na ugoro wenyewe. Karo iko pale pale.

Kwa hivyo wiki hii sikwambii uache. Nakuomba uchunguze. Weka vikombe vitatu: cha hasira, cha huzuni, cha upweke. Kila mkono unapokwenda kwenye leso, tia punje moja ya ndengu katika kikombe kinachofaa. Jumapili hesabu. Kikombe cha upweke kikijaa, dawa yako ya kwanza ni mtu wa kuongea naye, labda dada mmoja wa chama unayemwamini. Hamu nayo huja kama wimbi. Ukingoja dakika chache, hupungua.

Ukiwa mjamzito, usingoje wiki. Ugoro humdhuru mtoto tumboni, basi mwambie muuguzi wa kliniki, akusaidie kuacha. Na tafadhali usimtume mtoto dukani kukununulia. Sheria ya mwaka 2007 inakataza kumwuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, na watoto hujifunza njia ya duka haraka sana.

Kuhusu pombe, tunakumbuka Mei 2014, pombe yenye methanoli ilipoua watu hapa kwetu Kitui na Makueni, na pia Embu na Kiambu. Wengine walipofuka. Wapo waliosema walevi wamejitakia. Mimi sikubali. Anayekunywa kupita kiasi kila siku asiache ghafla peke yake, maana anaweza kupata kifafa. Mpeleke hospitali kwanza. Simu ya NACADA ni 1192, haina malipo.

Juma lijalo tutazungumza na akina mama wajawazito wanaokula udongo. Hadi hapo, kwaheri.