Kutafuta Spea za Ndani za Motokaa Kuukuu

Shikeni kalamu na madaftari, maana somo la leo lina kuandika ndani yake. Tutazungumza juu ya motokaa kuukuu, na jinsi ya kupata vifaa vyake vya ndani bila kumaliza fedha ya nyumbani.

Hapa Igunga tunaijua hali yenyewe. Barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega inapita mjini petu, lakini vijiji vingi viko mbali na lami. Vumbi huingia kila mahali, jua huipasua dashibodi, na viti huchakaa kwa abiria na mizigo. Injini yaweza kuwa nzima, lakini mlango haufunguki kwa ndani, kioo hakipandi, na kiti kinacheza. Mwenyewe hana fedha ya kununua motokaa nyingine. Afanye nini?

Kwanza, aandike orodha mbili. Orodha ya kwanza ni ya vifaa vya kulinda uhai: mikanda ya viti, reli na bolti za viti, na vitasa vya milango. Orodha ya pili ni ya vifaa vya kupendeza: zulia, kitambaa cha viti, kitambaa cha paa la ndani na vifuniko vya plastiki. Fedha ianzie orodha ya kwanza. Kiti chenye kitambaa kipya lakini bolti zimelegea kitamtupa aliyekikalia siku ya ajali.

Vifaa vya orodha ya pili mara nyingi havihitaji safari. Fundi wa makochi aliye karibu nawe aweza kushona kitambaa cha kiti na kubadili sponji iliyokwisha. Kipande cha zulia la nyumbani hukatwa kwa kufuata umbo la zulia la zamani. Lakini kisisogee chini ya pedali, maana zulia lililokunjamana huzuia breki.

Pili, soma namba. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapookoa fedha. Kila motokaa ina kibati chenye namba zake, mara nyingi mbele, chini ya boneti, au kwenye nguzo ya mlango. Motokaa nyingi tulizo nazo zilitengenezwa kwa kuuzwa Japani, na namba yake ya fremu ina kistari katikati. Kwa mfano, Toyota Corolla moja huandikwa AE100, kisha kistari, kisha tarakimu nyingine. Yaliyo kabla ya kistari hutaja aina; yaliyo baada yake hutaja motokaa hiyo moja tu. Nakili yote, herufi kwa herufi. Ongeza mwaka, idadi ya milango, na upande wa kifaa: kulia au kushoto, mbele au nyuma. Upande huhesabiwa kama umekaa ndani unatazama mbele. Kisha pima kifaa cha zamani kwa futi kamba, wala usikitupe kabla kipya hakijafungwa.

Tatu, ulizia karibu kwanza. Gereji za Igunga na Nzega huwa na motokaa zilizokufa, ambazo vitasa na viti vyake bado vizima. Ukikosa, jaribu Tabora, Shinyanga au Mwanza. Mwisho kabisa ni Dar es Salaam, kwenye maduka ya Kariakoo na Gerezani. Angalia jambo moja: Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Japani. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia. Dashibodi ya motokaa yenye usukani wa kushoto haitaingia katika yako, hata ikiwa bei yake ni ya bure.

Nne, kagua kabla ya kulipa. Mkanda wa pointi tatu, uliobuniwa na Nils Bohlin katika kampuni ya Volvo mwaka 1959, umeokoa watu wengi duniani. Lakini mkanda uliokwisha kuvutwa katika ajali usiununue. Utoe wote polepole, utazame kama nyuzi zimekatika. Kisha uvute ghafula. Usiposhika, uache. Na ukiona herufi SRS kwenye usukani au dashibodi, humo mna mfuko wa hewa unaofumuka kwa nguvu. Usifungue mwenyewe, mwachie fundi anayeujua.

Tano, dai risiti yenye jina la muuzaji na maelezo ya kifaa. Taa, redio na vioo huibwa, na kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa la jinai. Bei ya ajabu isiyo na risiti yaweza kukufikisha polisi.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kitasa kipya ni shilingi 25,000, na kilichotumika ni shilingi 10,000. Kukileta kwa basi ni shilingi 5,000. Jumla ni 15,000, umeokoa 10,000. Lakini uliagiza bila kuandika upande, ukaletewa cha kushoto badala ya kulia. Kukirudisha ni 5,000, na kuletewa kingine ni 5,000 tena. Jumla sasa ni 25,000. Faida yote imekwenda njiani, kwa neno moja ambalo halikuandikwa.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Taja vifaa vitatu vya kulinda uhai ndani ya motokaa.
2. Kwa nini tunanakili namba ya fremu kabla ya kuagiza?
3. Nendeni kwenye motokaa iliyo karibu na, kwa ruhusa ya mwenyewe, nakilini namba zake. Kisha badilishaneni madaftari, kila mmoja asahihishe ya mwenzake.

Ndugu wanakisomo, fundi anajua kufunga kifaa, na muuzaji anajua kukiuza. Ninyi jueni kukiandika sawasawa. Kwaherini.