Askari wa Kuchezea na Bei ya Siku za Dhiki

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Maneno ya kuandikwa ubaoni kabla ya mazungumzo: akiba, mkusanyaji, adimu, mnada, dalali, ada, kuzorota.

Natumaini kila mmoja amepata mahali pa kukaa, na daftari na kalamu ziko tayari, maana leo tutapiga hesabu kidogo.

Somo letu la leo ni bei ya kitu kinapouzwa mara ya pili, na hasa bei hiyo katika siku ambazo fedha ni haba. Ningeweza kuchukua mfano wa baiskeli au cherehani. Lakini baiskeli humpeleka mtu kazini, na cherehani humshonea mtu nguo. Nimechagua kitu kisicholima, kisichoshona, wala kisichompeleka mtu popote: askari wa kuchezea. Kitu kisicho na kazi nyingine hutuonyesha wazi zaidi jinsi bei inavyopanda na jinsi inavyoanguka.

Askari hawa asili yao ni Ulaya. Zamani Wajerumani waliwatengeneza kwa madini ya risasi, wakawauza mpaka Uingereza. Mwaka 1893 jamaa ya Britain, watu wa London, walivumbua njia mpya. Waliyeyusha risasi, wakaimimina katika kalibu, kisha kabla haijaganda yote wakaimwaga iliyobaki. Lililosalia ndani ya kalibu lilikuwa ganda tupu lenye umbo la askari. Basi askari mmoja alitumia madini machache, akawa mwepesi, na bei yake ikawa ndogo. Alikuwa na urefu wa milimita 54 hivi, na alipakwa rangi kwa mkono. Waliuzwa katika masanduku mekundu ya kadibodi: askari wa miguu 8 katika sanduku, au wapanda farasi 5. Hapo mwanzo sanduku liliuzwa kwa kama shilingi moja ya Kiingereza.

Jamaa hao waliwatengeneza askari wa mataifa mengi. Hata askari wa Keya, yaani King's African Rifles, wamo, na tarbushi zao vichwani. Basi katika makabati ya watu wa mbali wamesimama askari wadogo walioiga sura za babu zetu.

Utengenezaji wa askari hao wa risasi ulikoma mwaka 1966. Risasi ni sumu, na mtoto hutia kila kitu kinywani. Tangu hapo hakuna anayeongezeka. Wapo wale wale waliobaki, na kila mwaka wengine huvunjika au hupotea.

Ni nani hununua vitu hivi? Hununuliwa na wakusanyaji, watu wazima wanaopenda kuvitafuta, kuvipanga na kuvitunza. Winston Churchill, aliyekuwa baadaye Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa na askari karibu 1,500 alipokuwa mtoto. Malcolm Forbes, tajiri wa magazeti wa Marekani aliyefariki mwaka 1990, alikusanya makumi ya maelfu, akawaweka katika jumba lake mjini Tangier, nchi ya Moroko. Lakini wakusanyaji wengi si matajiri. Ni makarani, walimu na mafundi ambao kila mwisho wa mwezi huweka kando pauni chache.

Sasa tuulize: kwa nini sanduku moja liuzwe kwa bei kubwa na jingine kwa bei ndogo, hali risasi iliyomo ni ile ile? Ziko sababu nne. Kwanza ni uadimu: walitengenezwa wangapi, na wamebaki wangapi? Pili ni hali: je, rangi ni ile ya kiwandani? Askari aliyepakwa rangi upya, hata kama anapendeza macho, hupoteza sehemu kubwa ya bei yake. Tatu ni sanduku lenyewe. Watoto waliyatupa masanduku, kwa hiyo sanduku la kadibodi lenye karatasi yake ya jina linaweza kuongeza bei sana. Nne, na hii ndiyo kubwa kuliko zote, ni kuwapo kwa mtu anayekitaka na mwenye fedha mkononi. Zikiwapo zile tatu, na hii ya nne ikakosekana, hakuna bei.

Na hii ya nne ndiyo inayopotea uchumi unapozorota.

Tukumbuke mwaka 2008. Tarehe 15 Septemba ya mwaka huo benki kubwa ya New York iitwayo Lehman Brothers ilianguka. Hofu ikaenea Marekani, Uingereza na nchi nyingine nyingi. Viwanda vikapunguza watu. Ilipofika Oktoba 2009, huko Marekani katika kila watu 10 waliotaka kazi, mmoja hakuwa nayo. Mtu aliyefukuzwa kazi hataacha kununua mkate, wala hataacha kulipa kodi ya nyumba akiweza. Kitu cha kwanza atakachoacha ni askari wa kuchezea. Basi wanunuzi hupungua.

Na wakati huo huo wauzaji huongezeka. Yule aliyekuwa mnunuzi jana, leo analeta masanduku yake mnadani apate fedha za kulipia nyumba. Wafugaji miongoni mwenu mnaijua habari hii. Mwaka wa ukame kila mtu hupeleka ng'ombe wake sokoni siku ile ile, na mwenye fedha husimama pembeni akingoja bei ishuke zaidi. Ndivyo ilivyo na askari wa risasi, ila ng'ombe asiponunuliwa bado unaweza kumchinja ukala. Risasi hailiwi.

Sasa chukueni kalamu. Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Uingereza. Huu ni mfano tu wa hesabu. Mumewe amefariki, akamwachia masanduku 60 ya askari. Marehemu alikuwa akimwambia, "Mke wangu, hii ndiyo akiba yetu." Tutazame sanduku moja ambalo bwana huyo alilinunua kwa pauni 100.

Tuseme kwanza kwamba nyakati ni njema, na yuko mtu tayari kutoa pauni zile zile 100. Je, mama atapata pauni 100? Hapana. Nyundo ya dalali itagonga kwenye pauni 80. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi lazima amlipe mwenye mnada ada juu ya bei ya nyundo. Tuseme ada hiyo ni pauni 25 katika kila 100. Kwa pauni 80 ada ni pauni 20. Themanini na ishirini ni 100. Sasa upande wa mama. Yeye naye hukatwa ada, tuseme pauni 15 katika kila 100. Kwa pauni 80 ni pauni 12. Tena atalipa pauni 3 za picha na bima. Toeni 12 na 3 katika 80. Mmepata ngapi? Ni 65. Mnunuzi ametoa 100, mama amepokea 65. Pauni 35 zimebaki njiani.

Sasa nyakati zimekuwa mbaya. Mnunuzi anasema, "Mimi sina zaidi ya pauni 70, pamoja na ada zote." Nyundo itagonga kwenye pauni 56, maana ada ya 56 ni 14, na jumla yake ni 70. Mama atakatwa pauni 8 na peni 40, kisha zile pauni 3. Atakwenda nyumbani na pauni 44 na peni 60.

Mumewe alitoa pauni 100. Amepoteza pauni 55 na peni 40. Lakini angalieni vizuri hesabu yenu. Hata katika nyakati njema angalipoteza pauni 35. Uchumi mbaya umemwondolea pauni 20 na peni 40 juu yake. Watu husema, "Uchumi ndio ulioila akiba yangu." Pengine ni kweli kwa sehemu tu. Sehemu kubwa zaidi huwa imekwisha kuliwa siku ile ya kununua, nasi hatukuiona kwa sababu hatukuuza.

Labda mmoja wenu atauliza: "Mwalimu, mbona tunasikia kwamba vitu adimu bei yake haikushuka?" Swali zuri. Ni kweli kwamba vitu bora kabisa huvumilia dhiki kuliko vile vya kawaida. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wakusanyaji wenye uwezo hawakuisha wote, na waliobaki walichagua kilicho bora. Lakini iko sababu nyingine. Mwenye kitu adimu, kama halazimiki kuuza, hukificha kabatini mpaka nyakati zipite. Wengine humwambia dalali, "Isipofika bei hii, usiuze." Kisipouzwa, bei yake haiandikwi. Basi ukisoma orodha ya bei za mnada katika mwaka mbaya, unasoma habari za vile vilivyopata wanunuzi tu. Vilivyorudi nyumbani havimo. Orodha haisemi uwongo, lakini haisemi yote.

Tena si dhiki peke yake inayoshusha bei ya vile vya kawaida. Tangu mwaka 1995 ulipoanza mnada wa eBay katika intaneti, masanduku yaliyokuwa darini kwa wazee huko na huko yalianza kuonekana na watu wote. Kitu kilichodhaniwa adimu katika mji mmoja kilionekana kuwa kingi duniani. Na wengi waliowapenda askari hawa ni wale waliowachezea utotoni. Watu hao wamezeeka. Wanapofariki, askari wao huja sokoni pamoja, na wajukuu wao wanapenda michezo mingine. Uchumi ukipona, sababu hizi hazitapona pamoja nao.

Turudi kwa mama yetu. Masanduku 10 ni adimu, na 50 ni ya kawaida. Kodi ya nyumba inadaiwa mwisho wa mwezi. Afanyeje? Mchuuzi amekuja mlangoni, amesema, "Haya 10 nayanunua leo, fedha taslimu. Yale mengine siyataki." Hapa ndipo penye ugumu. Akiyauza yale 10, atalipa kodi miezi michache, kisha atabaki na 50 yasiyo na mtaka. Akiyaleta yale 50 yote mnadani siku moja, atashindana na nafsi yake, na kuishusha bei kwa mkono wake mwenyewe.

Ushauri wa wazoefu ni huu. Asiyaoshe, wala asiyapake rangi. Asitupe sanduku hata kama limechanika. Aandike orodha: sanduku gani, lina askari wangapi, liko katika hali gani. Awaulize wataalamu wawili au watatu, si yule mmoja aliyekuja mlangoni na fedha. Aulize ada zote kabla ya kutia sahihi. Kisha auze kidogo kidogo, kila mnada kizuri kimoja cha kuwavuta watu na vya kawaida vichache pamoja nacho. Haya yote yanataka muda, na muda ndio kitu asichokuwa nacho mwenye kudaiwa. Kwa hiyo msaada wa kweli ambao mumewe angaliweza kumpa haukuwa sanduku la sitini na moja. Ulikuwa fedha za kodi ya miezi mitatu, zimewekwa benki, zinazopatikana siku zinapohitajiwa.

Husemwa kwamba akiba haiozi. Nataka kuongeza neno dogo. Risasi huoza. Ukiwaweka askari hawa katika kabati la mti wa mwaloni, mti ule hutoa mvuke mkali wa namna ya siki, na risasi hugeuka vumbi jeupe. Mkusanyaji anaweza kununua kabati zuri kwa ajili ya askari wake, na kabati lenyewe likawala.

Ndugu zangu, sikusema kwamba kukusanya vitu ni upumbavu. Mzee anayefungua sanduku lake jekundu jioni na kumkumbuka baba yake aliyemnunulia, huyo amekwisha kulipwa. Furaha ile ni faida yake, na hakuna uchumi unaoweza kuishusha. Kosa huanza pale mtu anapoiita furaha hiyo akiba, akawaahidi mkewe na watoto kwamba itawalisha. Kitu cha kupendeza kinunuliwe kwa fedha za kupendezea. Fedha za chakula, kodi na matibabu ziwekwe mahali ambapo hazingoji mtu mwingine apende kitu chako.

Mwisho wa mazungumzo. Sasa mwalimu wa darasa atawaongoza katika maswali. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja sababu nne zinazofanya bei ya sanduku moja izidi ya jingine. Ipi ni kubwa kuliko zote, na kwa nini?

2. Piga hesabu: nyundo ya dalali imegonga kwenye pauni 40. Ada ya mnunuzi ni 25 katika kila 100. Ada ya muuzaji ni 15 katika kila 100, pamoja na pauni 3 za picha na bima. Mnunuzi atatoa kiasi gani? Muuzaji atapokea kiasi gani?

3. Kwa nini orodha ya bei za mnada haitoi habari zote katika mwaka mbaya?

4. Je, nyumbani kwako kiko kitu unachokiita akiba? Ungelazimika kukiuza wiki hii, nani angekinunua, na ungepokea kiasi gani mkononi?

Jibu la swali la 2: Mnunuzi atatoa pauni 50. Muuzaji atapokea pauni 31.