Akiba Haiozi: Makopa na Ng'onda katika Jiko la Msimbati
(Hotuba kwa wajumbe wa vyama vya msingi)



Katika mikutano ya ushirika habari za korosho huchukua saa nyingi. Bei hujadiliwa, madaraja hujadiliwa, na magunia, ghala na malipo kadhalika. Ni haki iwe hivyo, maana korosho ndiyo zao la fedha la Mtwara. Lakini jioni mwanachama arejeapo nyumbani, kinachomngoja mkekani si korosho. Ni ugali wa muhogo na kitoweo cha samaki. Hotuba hii inahusu chakula hicho: jinsi kinavyotengenezwa, jinsi kinavyowekwa akiba, na madhara yanayoipata nyumba iliyolazimika kufupisha kazi hiyo.

Mfano utakaotumiwa ni Msimbati, rasi ya mchanga na minazi iliyo baina ya Ghuba ya Mnazi na bahari kuu, si mbali na mahali Mto Ruvuma unapomwaga maji yake. Taifa zima lilisikia jina la ghuba hiyo gesi asilia ilipogunduliwa huko mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 gesi hiyo husafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Hata hivyo, kabla ya gesi palikuwapo hazina nyingine ambayo haikuhitaji mtambo wala mtaalamu wa kigeni. Hazina hiyo ni elimu ya kuweka chakula kisioze, ambayo binti aliipokea kutoka kwa bibi yake wakiwa wameketi pamoja penye kinu.

Kazi ya makopa

Mkoa wa Mtwara una msimu mmoja wa mvua, unaoanza mnamo Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Muhogo unaweza kungoja ardhini miezi mingi, lakini ukishang'olewa huanza kuharibika baada ya siku mbili au tatu. Kwa sababu hiyo wenyeji huutumia wakati wa kiangazi kufanya makopa. Muhogo humenywa, hupasuliwa, huanikwa juani siku nyingi hadi unapolia kama kuni kavu ukigongwa, kisha huwekwa darini au kwenye kilindo, mahali pasipofikiwa na unyevu. Siku ya kupika hutwangwa, huchekechwa, na unga wake husongwa ugali.

Katika mashamba mengi muhogo mchungu hupandwa pamoja na ule mtamu, wala si kwa ujinga. Muhogo mchungu hustahimili ardhi hafifu, na ngedere na nguruwe hawaupendi kama ule mtamu. Uchungu huo ndio mlinzi wa shamba. Lakini mlinzi huyo hana budi kuondolewa kabla ya chakula kufika mezani, kwa maana uchungu huenda pamoja na sumu.

Sumu iliyomo na namna inavyotoka

Ndani ya muhogo mna dutu iitwayo linamarini. Muhogo unapokatwa, kutwangwa au kulowekwa, dutu hiyo hukutana na kimeng'enya kilichomo katika muhogo wenyewe, ikavunjika na kutoa sianidi, ambayo ni sumu kali. Sianidi hiyo hupaa hewani kama mvuke. Kwa hiyo sumu hutoka kwa msaada wa vitu vitatu: muhogo uvunjwe, uwe na unyevu, na upewe muda. Kisamvu nacho hufuata kanuni hiyo hiyo: mpishi huyatwanga majani mpaka yalainike kabisa, kisha huyachemsha kwa muda mrefu kabla ya kutia tui.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Hudhaniwa kwamba muhogo ukikauka upesi ndipo unapokuwa salama. Kinyume chake ndicho kweli. Ukikauka upesi mno, unyevu huondoka kabla ya kimeng'enya kumaliza kazi yake, na sumu hubaki imefungwa ndani ya kopa. Jua peke yake haliimalizi sumu ya muhogo mchungu. Kuloweka kwa siku tatu au zaidi kabla ya kuanika huondoa sehemu kubwa kupita njia hiyo. Aidha, katika mwaka wa ukame mmea huongeza sumu yake, hivyo mazoea yaliyotosha mwaka jana yaweza yasitoshe mwaka huu.

Yaliyotokea palipofanywa haraka

Mambo haya yamewahi kuonekana katika nchi hii. Mwaka 1988, wilayani Masasi, ukame na upungufu wa chakula uliwafanya watu waache njia ya siku nyingi. Muhogo mbichi ulitwangwa, ukaanikwa na kutwangwa tena, ukawa unga siku ile ile, kwa njia iliyoitwa chinyanya. Walaji walipatwa na kizunguzungu, kutapika na kuishiwa nguvu. Miaka mitatu kabla, mwaka 1985, ukame uliipata Wilaya ya Tarime, na huko yalionekana madhara mabaya kuliko hayo, yaani ugonjwa wa konzo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ilijitokeza katika vijiji vya Mkoa wa Mtwara wenyewe. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, mwaka 1981 watu zaidi ya elfu moja walikuwa wamekwisha kupatwa na ugonjwa huo.

Neno konzo latoka Kongo, katika lugha ya Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu hulala mzima, akaamka miguu yote miwili imekakamaa. Hana homa, akili yake ni timamu, na ugonjwa hauambukizi. Lakini miguu hairudii hali yake ya kwanza. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kwa kuwa huja ghafla, jirani hunong'ona kwamba mgonjwa amelogwa, na familia hutumia akiba yake kwa waganga, ilhali chanzo kimo ndani ya kinu.

Wala si njaa peke yake iletayo haraka. Katika jimbo la Bandundu, Kongo, barabara ya lami ilipofunguliwa kuelekea Kinshasa, biashara ya muhogo ilipamba moto. Wauzaji wakapunguza muda wa kuloweka kutoka siku tatu hadi moja ili mzigo uwahi gari, na konzo ikazidi. Habari hiyo yafaa ikumbukwe na kila chama kinachofikiria kuuza muhogo wa wanachama wake: soko nalo laweza kumsukuma mama wa nyumbani kama njaa imsukumavyo.

Njia ya kulowanisha unga

Iko njia nyepesi ya kumalizia kazi ya makopa, iliyoenezwa na mwanakemia Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na ambayo akina mama wa vijiji vitatu vya Mkoa wa Mtwara walifundishwa baada ya konzo kuonekana kwao. Haihitaji fedha. Hufanywa hivi:

1. Unga wa muhogo hutiwa katika bakuli au sufuria, na alama huwekwa kwa ndani kuonyesha usawa wake.

2. Maji huongezwa kidogo kidogo huku unga ukikorogwa. Kwanza unga hushuka, kisha hupanda. Ukifika tena kwenye ile alama, maji yametosha.

3. Unga huo mbichi hutandazwa juu ya ungo au mkeka safi, unene wake usizidi sentimita 1, ukaachwa juani saa 2 au kivulini saa 5. Wakati huo sianidi hupaa.

4. Ugali husongwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa unga wenye maji haukai.

Mama anayetandaza unga asubuhi, akaenda pwani kuchokoa pweza maji yakiwa yamekupwa, hurudi akaukuta tayari. Njia hii haiondoi haja ya kuloweka na kuanika vizuri. Hiyo ni kinga ya mwisho, baada ya zile za kwanza.

Ng'onda na sahani ya mtoto

Ugali na samaki hazikukutanishwa Msimbati kwa ajili ya ladha tu. Mwili una uwezo wa kuivunja sianidi kidogo inayobaki, lakini kwa kazi hiyo huhitaji salfa itokayo katika protini, na samaki anayo. Tena sianidi ikishavunjwa, kinachobaki hushindana na madini joto mwilini na kuweza kuleta rovu. Samaki wa bahari huyaongeza madini hayo, na chumvi ya nyumbani nayo inunuliwe ile iliyotiwa madini joto. Kwa hiyo ng'onda ni sehemu ya kinga.

Kutengeneza ng'onda hufuata kanuni iliyo kinyume na ya makopa. Muhogo huomba subira. Samaki huomba haraka. Samaki hupasuliwa mgongoni mara tu afikapo pwani, hutolewa matumbo na matamvua, huoshwa, kisha hutiwa chumvi, yapata kilo 1 kwa kila kilo 3 au 4 za samaki. Akishashika chumvi huanikwa juu ya chanja, wala si mchangani, ili upepo upite chini na mchwa na mbwa wasimfikie. Jodari na vibua waliokaa juani kabla ya kutiwa chumvi hufanya sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Samaki wa namna hiyo wasifanywe akiba hata kidogo. Siku ya kupikwa ng'onda hurowekwa kupunguza chumvi, huchomwa kidogo, huchambuliwa miiba na kutiwa katika tui la nazi.

Lakini kitoweo kikipungua, mnofu huwekwa sahani ya baba, na mama na watoto hutowelea mchuzi. Heshima hiyo kwa mkuu wa nyumba ni nzuri, ila hao wanaobakiwa na mchuzi ndio wale wale wanaopatwa na konzo. Baba mwenye busara atamega mnofu wake na kuutia katika sahani ya mtoto kabla hajala.

Wajibu wa vyama

Wajumbe wanaombwa wayafikishe mambo haya katika vyama vyao.

Kwanza, miezi ya Januari hadi Machi ndiyo migumu: akiba imekwisha, mavuno mapya bado, na mvua hairuhusu kuanika. Ndiyo miezi ya kung'oa muhogo leo na kuula kesho. Malipo ya korosho yanayomfikia mwanachama kabla ya miezi hiyo humnunulia muda. Yanayochelewa humwachia kinu na haraka. Kamati inayofuatilia malipo kwa bidii inalinda miguu ya watoto wa wanachama.

Pili, kila nyumba ishauriwe itenge makopa ya kuifikisha Aprili kabla ya kuuza yanayosalia.

Tatu, Kituo cha Utafiti cha Naliendele kiko karibu. Chama kiulize habari za mbegu za muhogo zisizo chungu na zinazostahimili maradhi.

Nne, mtu anayepatwa na udhaifu wa miguu wa ghafla apelekwe kituo cha afya. Konzo haina dawa ya kuiponya, lakini mazoezi na magongo humsaidia mgonjwa, na taarifa yake huwaokoa wengine.

Tano, siku ya kupima korosho itumiwe pia kuonyesha njia ya kulowanisha unga. Taifa hili lina historia ya kujifunza kwa vikundi: mwaka 1973 wananchi walikusanyika penye redio kwa kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 kwa Chakula ni Uhai. Chama cha msingi kina watu, kina mahali, na kina siku ambayo wote huja. Waalikwe bibi wanaojua makopa ya zamani, na mabinti waketi mbele.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema pia kwamba haraka haraka haina baraka. Katika jiko la muhogo misemo hiyo miwili ni mmoja: asiye na akiba hulazimika kufanya haraka, na haraka hiyo hulipwa na miguu ya mtoto.