Karamu ya Wafanyakazi na Kodi: Kampuni Ndogo Inaweza Kudai Nini?

Mada kwa semina ya wamiliki wa kampuni ndogo, Adams Arcade, Nairobi

Utangulizi



Kila Desemba mikahawa ya Barabara ya Ngong, kutoka hapa Adams Arcade hadi Dagoretti Corner, hujaa meza ndefu za wafanyakazi wanaofunga mwaka kwa nyama choma. Miezi sita baadaye, kampuni zinapokimbizana na ritani za Juni 30, risiti ya meza ile humfikia mhasibu ikiwa imekunjwakunjwa, na mkurugenzi anauliza: "Hii tunaidai?"

Hoja yangu leo ni moja: jibu la swali hilo huamuliwa kabla chakula hakijaagizwa. Nani atakula, wapi, kwa shughuli gani na kwa ankara ya aina gani, hayo ndiyo yanayoamua kodi. Baada ya karamu, mhasibu hana la kufanya ila kuandika kilichokwisha kutokea.

Tahadhari mbili kwanza. Wengi hutafuta jibu kwenye simu na kukutana na kanuni ya Uingereza: pauni 150 kwa kila mtu kwa mwaka, mradi karamu iwe wazi kwa wafanyakazi wote. Hiyo ni sheria ya kwao. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, haina kipengele hicho. Pili, kampuni inayolipa ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 tunayoiita TOT, kwa mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25, haidai gharama yoyote, ya karamu wala ya karatasi. Mada hii inawahusu wanaolipa kodi ya kampuni ya asilimia 30 kwa faida.

Maswali matatu kwa risiti moja

Risiti ya karamu huulizwa maswali matatu, na kila swali lina jibu lake. Je, inapunguza faida inayotozwa kodi? Je, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) iliyomo inarudi? Je, mfanyakazi aliyekula anatozwa PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara? Makosa mengi hutokana na kudhani kwamba jibu la swali moja linajibu yote.

1. Faida ya kampuni

Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinaruhusu gharama iliyotumika yote, na kwa ajili hiyo tu, kuzalisha mapato. Kifungu cha 16 kinazuia gharama za starehe binafsi, kisha kinataja hoteli, mikahawa na huduma za upishi. Kinachosalimika ni chakula na malazi ya safari za kikazi, ya mafunzo, au ya makongamano yanayohusu kazi.

Kwa hiyo karamu ya Krismasi mkahawani iko upande mbaya wa mstari. Wapo wahasibu wanaotetea kwamba kuwakirimu wafanyakazi ni gharama ya kazi wala si starehe ya mtu binafsi. Hoja hiyo ina uzito, lakini anayeitumia awe tayari kuisimamia mbele ya KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Njia salama ni kuirudisha gharama hiyo kwenye faida wakati wa kukokotoa kodi.

2. VAT

Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT, na usajili ni lazima mauzo yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka, huzoea kudai VAT ya kila inachonunua. Kifungu cha 17 cha Sheria ya VAT ya 2013 kinazuia VAT ya burudani, mikahawa na malazi, isipokuwa kwa anayeuza huduma hizo kama biashara yake, au pale mtu anapokuwa mbali na nyumbani kwa shughuli za kazi. Chakula cha mchana cha Prestige Plaza kwa wafanyakazi wa ofisi ya Woodley hakiko mbali na nyumbani hata kwa kunyoosha ramani.

3. Mfanyakazi

Hapa ndipo sheria ina ukarimu kidogo. Tangu mabadiliko ya Desemba 2024, marupurupu yasiyo ya fedha taslimu hayatozwi PAYE ikiwa jumla yake kwa mwaka haifiki shilingi 60,000 kwa mfanyakazi. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa 36,000. Kiwango kikifikiwa, hutozwa jumla yote, si ile ziada tu.

Chakula cha kazini kina kiwango chake kando: shilingi 60,000 kwa mwaka, yaani 5,000 kwa mwezi, kutoka 48,000 za awali. Kiwe kimepikwa katika kantini ya mwajiri, au kimetolewa na mtu mwingine aliyesajiliwa kulipa kodi. Sahani ya shilingi 200 kwa siku 22 ni 4,400 kwa mwezi, tuko ndani. Sahani ya 250 ni 5,500, na kwa miezi kumi na miwili inafika 66,000.

Mfano wa hesabu

Tuchukue kampuni ya watu sita iliyokula karamu ya shilingi 30,000. VAT ya asilimia 16 ni 4,800, jumla 34,800. VAT hairudi. Gharama yote ikirudishwa kwenye faida, kampuni inakosa nafuu ya kodi ya shilingi 10,440. Kila mfanyakazi amepata fungu la shilingi 5,800, na kama hana marupurupu mengine makubwa, hatozwi kitu.

Sasa kampuni hiyohiyo inunue vikapu vya Krismasi dukani: unga, mafuta, mchele na sukari, kwa jumla ileile. Kikapu si mkahawa wala upishi, kwa hiyo ni rahisi zaidi kukitetea kama gharama ya kuwatunza wafanyakazi, nao bado wako chini ya kiwango. Ikiwapa fedha taslimu, gharama inakubalika kama mshahara, lakini mfanyakazi atakatwa PAYE.

Au ipeleke wafanyakazi Naivasha kwa mafunzo ya siku mbili. Chakula na malazi vinakubalika, na VAT inadaiwa kwa kuwa wako mbali na nyumbani kikazi. Lakini mafunzo yawe mafunzo: ratiba, mkufunzi, daftari la mahudhurio na ripoti. Ratiba yenye saa moja ya mada na siku mbili za bwawa la kuogelea haitamlaghai mkaguzi.

Stakabadhi

Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliki kwa kodi ya mapato, isipokuwa zile chache zilizosamehewa, kama mishahara. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba umelipa; ankara hauwi. Toa PIN ya kampuni, yaani namba yake ya kodi, kabla mhudumu hajachapisha risiti, maana risiti isiyo na PIN yako haikusaidii.

Na mama wa kibanda karibu na soko la Toi anayetulisha kila siku? Tangu mabadiliko ya 2024, mnunuzi anaweza kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Zungumzeni naye, mueleweshane kuhusu PIN yake, msimtupe kwa sababu ya karatasi. Rekodi zote zitunzwe miaka mitano.

Mkurugenzi na familia yake

Kampuni nyingi hapa zina mwanahisa mmoja au wawili, mara nyingi mume na mke. Birthday ya mtoto ikilipwa kwa akaunti ya kampuni, haitakuwa ya wafanyakazi kwa sababu katibu alialikwa. Tangu 2018 sheria inahesabu matumizi kama hayo kwa manufaa ya mwanahisa kuwa gawio: gharama inakataliwa, na juu yake kuna kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkaazi. Mkurugenzi alipe mwenyewe, au deni liandikwe kwenye akaunti yake na alirudishe.

Mapendekezo

1. Kampuni iwe na sera ya ukurasa mmoja: nani anaidhinisha, kiwango kwa kila mtu, na shughuli zinazoruhusiwa.
2. Vitabu viwe na akaunti tatu tofauti: chakula cha kazini, safari na mafunzo, na karamu. Akaunti moja ya "staff welfare" inaalika maswali.
3. Kila mfanyakazi awe na jedwali la marupurupu yake ya mwaka, lisomwe mwezi Novemba kabla ya kupanga Desemba.
4. Bajeti ya karamu ihesabiwe pamoja na VAT na kodi isiyopata nafuu. Ikiwa bado inafaa, mle kwa amani. Kodi si sababu ya kuwanyima watu nyama.

Maswali ya mjadala

Kampuni ya watu watatu, ambao wawili ni wanahisa, inatenganishaje karamu ya wafanyakazi na ya familia? Na kati ya mkahawa, kikapu na mafunzo, wafanyakazi wenu wangechagua kipi kama wangeulizwa?