Bima ya afya: serikali iishie wapi?

Haya ndiyo niliyosema jana kwenye mjadala wetu hapa Kitui. Nayaweka kwa wale walioniuliza.

Mnakumbuka Makueni 2016? Kaunti ilisema nyumba moja ilipe shilingi 500 kwa mwaka, watibiwe hospitali za kaunti. Ilikuwa hiari.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ikaja na sauti nyingine. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mkulima wa ndengu naye alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mpigo, si chini ya 3,600, mvua inyeshe isinyeshe. Tena kifungu cha 26 kikataka uonyeshe umejiandikisha na kulipa ndiyo upate huduma za serikali. Mahakama ya Rufaa ilikisimamisha kipengele hicho Januari 2024.

Hapo ndipo wahafidhina wanauliza: leseni ya duka langu inahusiana vipi na bima? Kwani mimi ni mtoto nipangiwe mfuko wangu?

Wapinzani wao wanajibu: ikiwa hiari, watalipa wagonjwa pekee, pesa ziishe. Hii hoja tusiicheke. Michango ya hospitali tunayofanya WhatsApp kila wiki ni ushahidi.

Msimamo wangu? Kuchanga pamoja, sawa. Lakini kumfungia mtu huduma zingine juu hajalipa, hiyo si bima tena, ni fimbo.

Wewe je, mstari ungeuchora wapi?