Maji Yanapokataa Kushuka: Udongo wa Mfinyanzi wa Kando ya Kijito

(Muziki wa kufungulia. Unashuka taratibu.)

Leo nazungumza nanyi kutoka Gitega. Warundi msishtuke, si Gitega ya kwenu iliyo makao makuu ya kisiasa tangu 2019. Hii ni sekta ya Gitega, wilaya ya Nyarugenge, hapa hapa Kigali, upande unaoteremka kwenda ruhurura ya Mpazi.

Mazungumzo ya leo ni ya udongo. Najua kuna mama au mzee atakayesema, "Mwanangu, mimi nimelima kabla wewe hujazaliwa." Ni kweli, na sikuja kumfundisha mtu kushika jembe. Lakini wengi wetu tulilima milimani. Aliyelima udongo mweusi wa volkano kule Rutshuru anajua kwamba mvua ikinyesha usiku, asubuhi anaingia shambani. Huku tulipo, ardhi ambayo mkimbizi anapata kwa bei nafuu mara nyingi iko chini, bondeni, kando ya kijito. Huo ni udongo mwingine na una tabia zake.

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: "Sisi ni kikundi, tumeweka akiba kidogo kidogo. Tumeonyeshwa mahali tambarare karibu na kijito, pazuri, pakavu, bei si mbaya. Tuchukue?" Pesa ya kikundi ni jasho la watu. Ikizama kwenye matope, kinachovunjika si akiba tu, na urafiki nao unavunjika. Basi tusikilizane vizuri.

(Sauti ya maji yanayotiririka kwenye mfereji. Sekunde tano.)

Hiyo ni Mpazi. Mvua ikinyesha juu ya vilima vya Nyarugenge, maji ya mabati na ya barabara yanateremka huku, yanapita kati ya Gitega, Kimisagara na Muhima, yanaingia Nyabugogo, kisha mto Nyabarongo. Huku mteremkoni yanakimbia. Kule Nyabugogo, ardhi ikiwa tambarare, yanapunguza mwendo, na ndiyo maana kila msimu wa mvua kubwa watu wa Nyabugogo wanaangalia mawingu kwa wasiwasi.

Maji yanayokimbia yana nguvu ya kubeba mawe na mchanga. Yakichoka, yanaangusha mawe kwanza, halafu mchanga. Mfinyanzi, ambao ni chembe ndogo kuliko zote, unabaki ukielea, na unatua pale tu maji yanapotulia. Chembe moja ya mfinyanzi haifiki milimita 0.002. Chembe kubwa ya mchanga inafika milimita 2, yaani upana wake ni mara elfu moja. Kwa hiyo kila bonde la Rwanda ambako mafuriko yalituama miaka na miaka lina tabaka za mfinyanzi zilizolaliana kama mikeka.

Baadaye kijito kinachimba njia yake na kushuka chini zaidi. Ile sehemu ya zamani inabaki juu kidogo, tambarare kama ngazi kando ya kijito. Ukisimama pale unaona kijito kiko chini yako, unajisemea, "Hapa maji hayafiki." Na huenda kijito kweli hakifiki. Lakini maji ya mvua yanaanguka juu yako, na maji ya kilima yanatokeza kwa chini, miguuni pa mlima, na udongo haukubali kuyapitisha. Mfinyanzi una nafasi nyingi za kushika maji, ila ni nyembamba mno. Maji yanaingia polepole na kutoka polepole zaidi. Na kwa kuwa mahali ni tambarare, hayana pa kukimbilia, yanatuama.

Sasa mtu anauliza, "Nitajuaje, maana mwenye shamba ananionyesha mwezi wa saba, jua linawaka?" Hapo ndipo penyewe. Kiangazi ardhi hii ni ngumu kama tofali na inapasuka nyufa, unaweza kuapa haijawahi kuona maji. Lakini udongo unaweka kumbukumbu kwa rangi. Chukua jembe, omba ruhusa, chimba shimo la sentimita 60 hivi, uangalie ukuta wake.

Udongo wa milimani huku ni mwekundu kwa sababu una chuma, na chuma kikipata hewa kinakuwa rangi ya kutu. Maji yakijaa ndani ya udongo kwa wiki nyingi, hewa inaisha, vijidudu vya udongoni vinakibadilisha hicho chuma, na wekundu unapotea. Udongo unabaki wa kijivu, wakati mwingine wenye ubuluu. Pale hewa ilipopenya, kwenye njia za mizizi, yanabaki madoadoa ya kutu. Kwa hiyo ukiona kijivu chenye madoadoa kuanzia sentimita 20, ujue maji yanapanda hadi hapo kila msimu, hata kama leo ni pakavu. Ukiona wekundu au kahawia moja safi mpaka chini, mahali hapo panapumua. Na shimo likitoa harufu kama ya yai bovu, hewa haimo kabisa.

Jaribio la pili ni la kiganja. Lowesha donge dogo, likande, lisokote liwe nyembamba kama penseli, kisha likunje liwe pete. Likikatika katika, lina mchanga mwingi. Likikubali kuwa pete bila kupasuka, ni mfinyanzi mzito.

La tatu ni la ndoo. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Ukirudi kesho saa ile ile na bado kuna maji, umepata jibu, na halijakugharimu hata faranga moja.

(Muziki mfupi.)

Je, ardhi ya namna hii ni mbaya? Hapana, isipokuwa kwa anayeilazimisha iwe ya mlimani. Ukipanda maharage chini tambarare, mvua ya siku tatu mfululizo inatosha. Mizizi inakosa hewa, majani yanageuka njano, na wewe unadhani ni ugonjwa, unakimbilia dawa. Mahindi machanga nayo hayavumilii. Lakini mpunga unapenda maji kusimama; huko Bugarama, Rusizi, unalimwa kwenye udongo mweusi mzito unaonata. Magimbi nayo yanastahimili unyevu. Na kiangazi, wakati milima imekauka na bei ya mboga sokoni imepanda, bonde bado lina unyevu. Wenyeji wanauita msimu wa tatu, igihembwe cha C, na mabonde ndiyo yanaoubeba.

Ukitaka viazi vitamu, mahindi au mboga wakati wa mvua, inua matuta. Tuta la sentimita 30 hadi 40 linaipa mizizi nafasi kavu. Kati ya matuta pitisha mifereji, na mifereji yote iende kwenye mfereji mmoja mkubwa, usioishia kwa jirani. Ukimwagia jirani maji umepanda ugomvi. Ongeza mboji na samadi kila msimu, maana ndizo zinazofanya mfinyanzi umeguke kuwa punje na kupitisha hewa. Kuchanganya mchanga kidogo hakusaidii. Unahitaji mwingi mno, tena ukichanganya kidogo udongo unaweza kukaza zaidi. Jambo jingine, usilime wala kukanyaga ukiwa umelowa. Udongo ukiganda kwenye jembe kama unga wa ugali kwenye mwiko, rudi nyumbani, subiri. Ukiukanyaga hivyo, unatengeneza sakafu ngumu chini, na maji yatatuama zaidi.

Mfano tunao karibu. Wilayani Gisagara, wakimbizi wa kambi ya Mugombwa na wenyeji wao wanalima pamoja igishanga cha Misizi, wanapanda mahindi na maharage. Walianza kwa kutengeneza bonde lenyewe, mifereji kwanza, mbegu baadaye. Tena ni kazi ya pamoja, kwa sababu mtu mmoja hawezi kukausha kipande chake peke yake katikati ya bonde lililojaa maji.

Nyumba sasa. Mfinyanzi unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba ya matofali ya udongo iliyokaa juu yake inapasuka kuta. Wewe unayetafuta chumba cha kupanga mjini, nenda ukakione siku ya mvua au siku inayofuata. Pitisha kiganja chini ya ukuta, tazama mstari wa unyevu, angalia kama nyufa zimepandia kwenye pembe za mlango na dirisha. Waulize majirani, si mwenye nyumba peke yake, maji yalifika wapi msimu uliopita. Usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 mwezi wa Mei 2023, mvua iliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi hii. Hatusemi hivi kuwatisha. Kodi ya chini ina sababu yake, na ni haki yako kuijua kabla ya kulipa.

Choo vilevile. Chini ya shimo la choo panatakiwa kubaki angalau mita moja na nusu kabla ya kufikia maji ya ardhini, na choo kiwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye chanzo cha maji. Kwenye mfinyanzi wa bondeni huwezi kuchimba chini sana, na mvua ikija shimo linajaa na kufurika. Pale choo hujengwa juu, kwenye tuta lililoinuliwa. Na madimbwi yanayosimama wiki nzima au mbili yanatosha mbu wa malaria kutoka kwenye yai hadi kuruka. Kufukia dimbwi moja karibu na mlango ni kazi ya jembe na nusu saa, siku ya umuganda au siku yoyote.

La mwisho ni karatasi. Igishanga nchini Rwanda ni mali ya serikali, wanaokilima wanapewa ruhusa, mara nyingi kupitia vyama vya ushirika. Ile ngazi ya juu kidogo huenda ni ya mtu binafsi, huenda siyo, na kwa macho mpaka hauonekani. Kabla kikundi hakijatoa akiba yake, watu wawili waende ofisi ya sekta kuuliza nani ana haki ya kukodisha, kisha mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, ueleze eneo, muda na kiasi. Mwenye ardhi mkweli hatakasirika.

Basi kwa wale waliotuuliza kama wachukue: msiseme ndiyo wala hapana kwanza. Chimbeni shimo, tazameni rangi, jazeni maji, rudini kesho. Mkikuta kijivu karibu juu na maji yamesimama, punguzeni bei mnayokubali, hesabuni gharama ya matuta na mifereji, na mchague mazao yanayoendana. Kama kikundi hakina nguvu ya kuchimba mifereji kabla ya mvua za mwezi wa tisa, tafuteni mahali pengine.

Mkifanya jaribio la ndoo, waelezeni watangazaji wetu walioko kambini mlichokiona, tutakisoma hewani. Kaeni salama, na kwa leo naishia hapa.

(Muziki wa kufungia.)