Nyumba za Wazee na Mabaraza ya Vijiji vya Uluguru



Katika siku hizi za jubilei wengi wamenena habari za makanisa na shule. Sisi tumepewa kazi ya kunena habari za vijiji: nyumba zake na utawala wake. Mambo haya hayatengani, maana nyumba husimama juu ya ardhi, na ardhi yataka mtu wa kuikatia shauri.

Jina letu latoka mlimani: Waluguru ni watu wa mlima. Tangu kale ardhi yetu ni ya ukoo, nao ukoo hufuatwa kwa mama. Msonge wa mtu ulisimama katika shamba la ukoo, na ugomvi wa mpaka uliamuliwa na mkubwa wa ukoo, akiketi pamoja na wazee na kusikia kila upande. Huko Kinole alikuwapo Kingalu, mwenye sifa ya mvua, na jina hilo hurithiwa hata leo. Lakini hata yeye hakutawala milima yote; kila ukoo ulikuwa na mkubwa wake.

Bondeni mambo yalikuwa mengine. Kisabengo, mtu wa Uzigua, alijenga mji wenye ukuta wa mawe karibu na mto Morogoro, na baada yake akatawala binti yake, Simbamwene. Stanley alipopita mwaka 1871 aliuona ukuta ule na minara yake. Mwaka uliofuata mafuriko yakauchukua ukuta wa mbele pamoja na nyumba nyingi. Ukuta ulichukuliwa na maji, bali shauri la wazee mlimani halikuchukuliwa.

Kisha wakaja Wajerumani na boma lao, maakida na majumbe. Mwaka 1898 wakaweka kodi ya nyumba. Tangu hapo kibanda cha maskini kikahesabiwa na serikali. Waingereza nao, kwa sheria ya mwaka 1926, wakatawala kwa njia ya masultani, hata katika milima isiyopata kuwa na sultani mmoja. Amri ikatoka bomani, ikashuka kwa sultani, ikamfikia mkulima. Lakini neno la mkulima halikuwa na njia ya kupanda juu.

Tazameni yaliyotokea. Serikali iliona kwamba mvua yachukua udongo wa milima, na jambo hilo lilikuwa kweli. Ikaamuru watu wote wakate matuta makubwa ya ngazi. Huko Mgeta wakulima walikuwa na ngazi zao walizozijua, lakini hawakuulizwa. Matuta mapya yalifukua udongo usio na rutuba, kazi ikawa nzito, na watu wakaona mavuno yamepungua. Mwezi wa Julai 1955 fujo zikatokea Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu akafa. Baadaye amri ile ikaachwa. Basi kusudi lilikuwa jema, lakini kwa kukosa shauri likaharibika. Na udongo waendelea kuteremka mitoni hata leo.

Mwaka 1963 utawala wa machifu ulikomeshwa, na mwaka 1975 ikatoka sheria ya vijiji. Kwa sheria ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, nao huchagua halmashauri ya watu 15 hata 25. Kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, halmashauri hutunza ardhi kwa niaba ya wanakijiji. Si mali yake. Tena baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kwetu sisi, ambao ukoo wetu hufuatwa kwa mama, hilo si jambo geni.

Basi njia ya kupanda juu sasa ipo. Lakini njia isiyopitwa huota majani. Mkutano ukiitwa, nasi tukabaki shambani au sokoni, wachache watakubali kwa ajili yetu. Na siku mgeni atakapokuja na karatasi ya shamba la bibi yetu, tutamlaumu nani?

Ninyi waalimu, wapelekeni watoto kwa wazee wakaandike majina ya mipaka, mito na makaburi, maana wazee wanakwisha na mengi hayajaandikwa. Wapelekeni pia wakazitazame nyumba za kale zilizosalia, msonge wa babu na kuta nene za misheni, waulize nani alizijenga na kwa shauri la nani. Nanyi wazazi, hudhurieni mkutano, ulizeni mapato na matumizi, na akina mama wasinyamazishwe.

Nyumba isiyokaliwa huanguka hata kama ina bati jipya. Baraza nalo ni vivyo hivyo. Tukakae ndani yake. Mungu awabariki.